Nakundwa na Mkweme Mvivu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Hao ni watoto au vifaranga? Paukwa!"

"PAKAWA!"

Haya. Hapo zamani za kale, milimani Upareni, Nakundwa alikuwa na bustani ndani ya msitu. Humo alikuza mikweme mitatu. Mnaujua mkweme?

"Unapanda juu ya miti!"

"Tunda lake kubwa kama boga!"

Na ndani ya tunda mna kweme, mbegu pana zenye mafuta, chakula cha mzazi ili maziwa yatoke. Binti yake Nakundwa, Naetwe, alikuwa na mimba changa. Uzazi wa kwanza alikosa maziwa, na mtoto akafa. Nakundwa aliogopa sana.

Sasa, mkweme mmoja ulitoa maua tu, haukuzaa kamwe. "Mvivu wewe!" Nakundwa akaukata. Mwezi uliofuata, ile miwili ikachanua, maua yakanyauka, yakaanguka pu!

"Ewe jembe, mikweme yangu ina nini?"

"Njaa," likasema jembe. Akalima, akatia samadi. Maua yakaanguka pu!

"Ewe kindi, mikweme yangu ina nini? Au ni wewe?"

"Mimi? Mimi mwizi wa kweme, nifurahie isizae? Labda kiza. Punguza matawi." Akapunguza. Maua yakaanguka pu!

"Amuulize nyuki!"

Nani anasimulia, mimi au ninyi? Haya, akamuuliza nyuki.

"Mama Naetwe," nyuki akasema, "ule ulioukata ulikuwa dume. Nilichukua unga wa maua yake, nikawapelekea majike. Sasa niwapelekee nini?"

Nakundwa akashika kichwa. "Maskini! Nimewaulia mume!"

"Liko dume moja ng'ambo ya bonde. Nifuate."

Akateremka, akapanda, akarudi na kikapu cha maua ya dume. Akayatundika kati ya majike. Nyuki akaingia kazini, vuu, vuu. Safari hii, maua yaliponyauka, nyuma yake vilibaki vitunda vidogo. Nakundwa akavishika kimoja kimoja, haamini.

Matunda yakakua, na tumbo la Naetwe likakua. Siku ya kujifungua ikafika. Naetwe akala kweme, siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu mtoto akanyonya, akanyonya, maziwa yakamtiririka shavuni, na Nakundwa akalia kwa sauti kama amefiwa.

Wanangu, msikiite kitu kivivu kabla hamjajua kazi yake.

Hadithi yangu imekomea hapo.