Istikhara ya Kumi na Moja

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Hadhramaut palikuwa na mchimba visima akiitwa Sahl bin Wardani. Alikuwa mcha Mungu na fundi hodari, lakini kisima chake cha mwisho alikichimba miezi mitatu asipate hata tone. Tangu hapo watu wa sokoni wakamwita Sahl Vumbi.

Basi akajiwa na ajuza mmoja, Bi Atika, aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Alitaka kisima kwenye njia ya wasafiri, kiwe sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu.

"Nami kifua changu hakiniachi," akasema. "Ningependa nione watu wakinywa kabla sijamfuata."

Sahl akakubali. Alipofika nyumbani akaanza kujiuliza. Nikikosa maji tena, nitamtazamaje mama huyu? Akaona kwanza aswali istikhara, amwombe Mola amchagulie lenye kheri. Akaswali. Kesho yake akaswali tena. Akanoa sururu ambayo tayari ilikuwa kali, akabadilisha kamba isiyo na kasoro, akaswali tena. Zikapita siku kumi, na kule njiani ardhi haijaguswa.

Siku ya kumi na moja Bi Atika akaja akijikongoja, akamkuta juu ya mswala. Akangoja hadi alipotoa salamu.

"Istikhara ya ngapi hii, mwanangu?"

"Ya kumi na moja, mama."

"Subhanallah! Mola wetu husikia mara ya kwanza. Wewe ndiye mzito wa kusikia."

Sahl akataka kusingizia kamba, lakini akaona haya kusema uongo juu ya mswala.

"Naogopa, mama. Naogopa nisipate maji."

"Kwani wewe nimekuomba maji? Maji nimemwomba mwenye maji. Wewe nimekuomba shimo."

Sahl akacheka huku machozi yakimlengalenga. Akachukua sururu, akatoka saa ileile. Hofu haikumwacha. Kila asubuhi alishuka nayo, akachimba kina alichojiwekea kwa siku hiyo, akapanda. Siku ya ishirini akafikia mwamba, akapaza sauti.

"Mama, jiwe!"

"Basi shimo letu lina jiwe," Bi Atika akajibu kutoka juu. "Piga bismillahi, uendelee."

Akaupasua kwa siku nne. Siku ya tano aliufinya udongo kiganjani, ukatoa maji.

Bi Atika alimnywesha msafiri wa kwanza kwa mkono wake, mtu asiyemjua, akamsihi amwombee mwanawe.

"Anaitwa nani?"

"Hudhaifa," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile bila kulia. Mwezi uliofuata naye akafariki.

Ndugu zangu, sisi tuliozika tunajua muda ulivyo mfupi. Kazi inayokutia hofu, ishike leo pamoja na hofu yako. Sahl aliupata utulivu kulekule chini, udongo ukimwangukia kichwani. Mola amrehemu Hudhaifa na mama yake, na wetu tuliowatanguliza.