Yonazi Aliyelala Juu ya Mkangazi

"Maumivu kunyamaza si kuhama." Maneno hayo mmeyasikia leo kwa mwalimu wenu wa mpira, alipomkataza Abeli kurudi uwanjani na kifundo chake kilichoteguka, nanyi mmekuja mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa katika msitu ule ulio juu ya mashamba ya chai, na siku yalipozaliwa nilikuwapo, nimeshika kamba.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu Yonazi Shemkai alikuwa mkwea miti wa kituo cha mbegu. Kazi yake ilikuwa kupanda miti mirefu, kuchuma matunda yake kabla hayajapasuka, na kuyateremsha ili mbegu zikaoteshwe kitaluni. Mimi, Tabea, nilikuwa mshika kamba wake. Kamba ilifungwa kiunoni mwake, ikapita juu ya tawi nene, ikashuka hadi kwangu, nami niliizungusha kwenye shina la mti wa jirani ili uzito wake usinishinde. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi hiyo, na kwa kamba tu nilijua kama amechoka, kama amekasirika, au kama ameona nyoka.

Mwaka huo mkangazi mkubwa wa bondeni ulizaa. Mti ule ulikuwa haujazaa vizuri kwa miaka sita, na ndani ya bonde lote ndio pekee uliobaki. Tunda la mkangazi likikauka hupasuka lenyewe, na mbegu zake zina mabawa. Upepo ukizichukua, huzipati tena. Kwa hiyo tulikuwa tukiuangalia kila siku, kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Wiki moja kabla ya mavuno, Yonazi alinyanyua gunia la udongo mbichi kitaluni akajigeuza nalo. Nilisikia ameguna. Alibaki ameinama vile vile, na tulimpeleka kituo cha afya akitembea kama mtu anayetafuta sindano chini.

Daktari wetu alikuwa Felista Nambiza, mwanamke kijana, mpole, lakini akisema jambo amesema. Alimkagua mgongo, akamgonga magoti, akamuuliza kama miguu inakufa ganzi au kama anapata shida kukojoa. Yonazi alisema hapana. Basi ni misuli iliyokaza, akasema, na akamwandikia vidonge vya kuilegeza.

"Kimoja, usiku, ukiwa tayari kitandani," alisema. "Siku saba. Ukisahau, usinywe viwili kufidia. Na kama kuna dawa nyingine unatumia, hata ya mafua, niambie sasa, maana zikikutana usingizi unazidi."

"Situmii, dokta."

"Pombe?"

Yonazi alinitazama. "Jumamosi, kidogo."

"Jumamosi hii hapana. Na siku zote hizo hukwei mti, hushiki msumeno, huendeshi pikipiki."

Kaka alikiweka kidonge kimoja kiganjani, akacheka licha ya maumivu. "Dokta, hiki ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mimi nina kilo themanini."

"Ndiyo maana nakuonya, kaka Yonazi. Kinalegeza misuli, lakini njia yake kinapitia kichwani. Nacho hakiulizi kama uko chini au uko juu."

Siku nne alitii. Alikunywa usiku, mchana akakaa, nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Siku ya tano asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni kwangu na mkanda wake wa kukwelea umening'inia begani.

"Matunda yameanza kupasuka," alisema. "Nimeokota mbegu njiani."

"Na dokta je?"

"Mgongo wenyewe umeshasema. Tazama." Akainama, akashika vidole vya miguu, akasimama wima bila hata kukunja uso.

Nilitazama nikaamini. Hilo nalikiri mbele yenu. Nisichokijua ni kwamba alfajiri, ili mgongo usimsumbue akiwa juu, alikuwa amemeza kidonge kingine, zaidi ya kile cha usiku.

Alipanda vizuri. Sikumbuki siku aliyopanda kwa wepesi kuliko ile. Hadi saa nne alikuwa ameshafika mahali shina linapogawanyika, juu sana, hata akaonekana mdogo kama ndege. Alikaa kwenye panda, akajifunga mkanda kwenye shina kama kawaida yake, akaanza kuchuma. Mfuko wa kwanza ukashuka. Wa pili ukashuka. Wa tatu ukaanguka.

Kisha kamba ikanyamaza.

Sijui niwaelezeje. Kamba yenye mtu hai haitulii, inapumua. Ile ilitulia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikatazama juu, nikamwona kaka yangu ameegemeza shavu kwenye gome, mikono inaning'inia. Alikuwa amelala. Mtu aliyeshinda miti yote ya milima hii amelazwa na kitu kidogo kuliko punje ya mtama, na chini yake hakuna ila hewa. Hata hofu haikunijia kwanza. Kilichonijia ni kile kinachomfanya mtu avue viatu mahali patakatifu.

Nikapiga kelele mpaka wachuma chai wa shamba la jirani wakaja. Kamba singeweza kuiacha, kwa hiyo mmoja wao alikimbia kumwita daktari. Felista alifika anatweta, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Amejifunga kwenye shina?"

"Ndiyo. Kumteremsha naweza, lakini lazima yeye mwenyewe aufungue ule mkanda, maana hapa hakuna mwingine awezaye kukwea."

"Asiufungue," alisema. "Sasa hivi asiguse chochote." Kisha akaweka mikono mdomoni. "Yonazi! Yonazi Shemkai!"

Mara ya tano kichwa kikainuka.

"Umekunywa vingapi, na saa ngapi?"

Sauti ilishuka taratibu, nzito. "Kimoja usiku. Kimoja... alfajiri."

"Mgongo unauma?"

"Hauumi kabisa, dokta. Nasikia raha." Na mkono wake ukaanza kupapasa mkanda. "Nashuka."

"Usifungue! Kwanza nijibu. Tabea ni nani wako?"

"Tabea... ni mama."

Wanawake waliokuwa karibu nami walishika vinywa. Mimi nililia, lakini mikono yangu haikutoka kwenye kamba.

"Bado," Felista aliniambia kwa sauti ya chini. "Dawa iko kichwani. Itapungua yenyewe, tusubiri. Asilale, asifungue. Hayo mawili tu."

Basi tukasubiri. Wachuma chai waliteremsha vikapu vyao wakaimba, na kila mara kichwa cha Yonazi kilipoinama waliinua sauti, naye akainua kichwa. Kila baada ya muda daktari alimuamuru achezeshe miguu, na kumuuliza hesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Alipotea kwenye saba. Baadaye akapotea kwenye nne. Jua lilipanda, likapita utosi. Kama saa saba hivi upepo wa bondeni uliamka, na mkangazi ule ukaanza kupasuka tunda baada ya tunda. Tukasikia kabisa ile milio midogo, tap, tap, na mbegu zikaachia. Maelfu. Zilizunguka na mabawa yao katika mwanga, zikampita kaka yangu aliyekaa katikati yake kama mtu aliyesahauliwa mbinguni, zikatua juu ya vichwa vyetu, mabegani, juu ya kamba. Waimbaji walinyamaza wenyewe. Mavuno ya miaka sita yalikuwa yanakwenda, wala hakuna aliyenyoosha mkono kuzuia.

"Dokta!" Sauti ilitoka juu, na safari hii ilikuwa sauti yake. "Kumi, tisa, nane, saba, sita, tano, nne, tatu, mbili, moja. Mmenichosha na hesabu zenu!"

"Tabea ni nani wako?"

"Ni dada yangu, na ameshika kamba, na naona analia."

Hata hivyo Felista alimngojesha karibu saa moja zaidi na kumuuliza tena. Ndipo akasema, "Fungua, polepole." Nami nikaachia kamba kidogo kidogo, wanawake wanne nyuma yangu, mpaka viatu vyake vikagusa majani.

Alisimama. Alitaka kunikumbatia, akainama kwanza kuitoa kamba iliyomzunguka mguuni. Hapo mgongo ukamshika, ule ule, mahali pale pale, na kwa nguvu zaidi. Akaanguka magotini, jasho likimtoka.

Hakuna aliyemkaripia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, huku ameweka viganja ardhini na mbegu zimemjaa nyweleni: "Kumbe yalinyamaza tu. Hayakuhama."

Felista alichuchumaa mbele yake. "Dawa ilikuwa inakupa nafasi ya kupumzika ili misuli ipone, kaka Yonazi. Hukupewa ruhusa ya kukwea."

Kaka hakukwea tena kwa wiki sita. Daktari alimpima upya, akamwambia vidonge vilivyobaki asivinywe mpaka atakapomwambia, naye akavirudisha kituoni. Jirani yetu mwenye kiuno kibovu alipomwomba amgawie, alimkatalia akamwambia aende akapimwe mwenyewe. Alitembea asubuhi na jioni, mbali kidogo kila siku. Na aliporudi mtini, Felista ndiye aliyempa siku.

Wachuma chai walikuwa wameyasikia maneno yake pale chini, wakaondoka nayo. Walianza kuyasema kwa mtu mwenye homa anayetupa dawa siku ya pili, kisha kwa mume na mke waliogombana na sasa wanacheka kabla hawajazungumza. Hivi leo yamefika kwa mwalimu wenu, ambaye hakumjua Yonazi.

Kwa hiyo Abeli akikwambieni kwamba mguu hauumi tena, msimbishie. Huenda ni kweli hauumi. Mwambieni akae, angoje, amsikilize aliyempima. Maumivu kunyamaza si kuhama.