Ngiri Alivyorithi Msiba

Jikoni kuna chungu?
Kipo.
Ndani mna nini?
Uongo.
Umeiva?
Pakua, bibi, tule.

Basi Nguchiro alikaa mbali miaka mingi, hata kwao Kwemzizi wakaanza kumsahau. Aliposikia bibi yake mzaa mama amefariki, akafunga kifurushi, akatembea, chapu chapu chapu, mpaka shambani kwa bibi. Akamkuta Ngiri kajilaza katikati ya viazi, mdomo umejaa, kwatu kwatu kwatu.

Nguchiro akabisha hodi, akauliza shamba la nani. Ngiri akasema langu. Tangu lini? Tangu bibi alipokufa. Bibi wa nani? Wangu.

Jirani yao Mama Kanga, ambaye halimpiti jambo, alimvuta Nguchiro pembeni. Akamwambia wazee wamekwisha kulizungumza: aliyeondoka kaondoka. Tena meno ya Ngiri si yale pale, nani atabishana nayo? Mvua zikimkuta Ngiri analima, Nguchiro hana kwao tena.

Nguchiro akarudi kwa Ngiri, akapiga magoti.

"Shikamoo, binamu. Pole na msiba."

"Marahaba. Msiba gani?"

"Si wa bibi yetu? Nilidhani tanga nitaweka mimi, kumbe mrithi ni wewe. Umenipunguzia kazi."

Kwemzizi mrithi wa shamba ndiye mwenye tanga. Hunyolewa, hukaa mkekani siku tatu, na kila anayekuja kulia hula nyumbani kwake. Ngiri kwa uroho akaona si kitu. Akajibu mbele ya Mama Kanga, "Mrithi ni mimi."

Kabla hajafunga mdomo, Mama Kanga alikwisha fika sokoni.

Siku ya kwanza wakaja kumnyoa. Nywele za mgongoni alizokuwa akiringia, chwe chwe chwe, zikaisha. Akasema si kitu, shamba langu. Siku ya pili wakaja nyani, ukoo mzima. Wakalia kidogo, wakala sana, mahindi yake ya darini, kachu kachu kachu. Akasema si kitu, shamba langu, ila sauti ilikuwa chini. Siku ya tatu wakaja nungunungu, na watoto, na wakwe zao, wakauliza kama ule muhogo wa uani hupikwa au huliwa mbichi. Na mwenye tanga hainuki mkekani, hata nzi hafukuzi.

Nguchiro alikuwa mlangoni akikaribisha. "Kuleni, wageni. Binamu yangu hana mkono wa birika. Na arobaini bado."

Ngiri akauliza polepole, "Arobaini nayo anapika nani?"

"Mrithi. Wale wa milimani hata hawajafika."

Ngiri akaruka, mkeka ukachanika. "Sikilizeni nyote. Huyo bibi simjui. Shamba si langu, ni la Nguchiro. Mimi kwangu ni hapa, na muhogo wangu uacheni."

Wazee walikuwepo, midomo imejaa. Walimeza kwanza, kisha wakasema wamesikia.

Nguchiro akaanua tanga, wageni wakaaga. Ndipo alipokwenda kaburini peke yake, akamlilia bibi yake kilio cha kweli. Mvua ya kwanza ilimkuta jembe mkononi.

Funzo, wajukuu zangu: msiba si mahali pa hila, na asiyemjua marehemu asile. Mimi nilikuwa nalijua hilo, ndiyo maana nilikula nimefumba macho.

Hadithi nimeiacha njiani. Atakayeiona aichukue.