Radhi Moja, Kambi Tatu

Wenye masikio wasogee, na mwenye pupa ya kujibu ajizuie kidogo. Kisa hiki nimekihangaikia mwenyewe nikashindwa, ndiyo maana nimekileta kwenu.

Bi Mwanjaa wa Tanga alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja Mungu alimpa lake. Mwantumu, mkubwa, aliujua mwili wa mgonjwa. Akimtazama mtu kope tu, anajua kama ni kiu, homa au huzuni. Mhina, wa kati, alilijua gari. Ungeweza kuweka kikombe cha chai kimejaa mbele ya usukani wake, akazunguka nacho kona zote za milimani, na kisimwagike. Hiza, kitindamimba, alijua mahali pa kulala. Aliwaongoza watalii milimani, na kazi yake ilikuwa kutangulia na kuchagua uwanja wa kambi. Akikanyaga nyasi mara mbili anakwambia maji ya mvua yatapita wapi, upepo wa alfajiri utatoka wapi, na majirani wa hapo wana ngoma siku gani. Kaka yake alizoea kumtania, "Mchagua jembe si mkulima, wewe." Hiza alicheka tu, kwa kuwa wageni walimwandikia kutoka kwao kumshukuru kwa usingizi.

Sasa sikilizeni palipouma. Bi Mwanjaa alizaliwa Mtae, kule mwisho wa milima ya Usambara, ambako ardhi inakatika ghafla na chini unaiona nyika yote mpaka Upareni. Aliolewa Tanga akiwa binti, akawa anakwenda kwao mara chache, kisha hakwenda tena. Mumewe alipofariki alimwambia Hiza, "Nipeleke kwetu, mwanangu, nikawaone." Hiza akasema, "Kiangazi kijacho, mama." Kiangazi kikaja na watalii wake. Akasema kijacho. Mwaka wa tatu mama akasikia kwa watu kwamba Hiza amepanda Mtae na wageni kumi na wawili, na wamelala huko siku mbili. Hakugomba. Alimwambia tu, "Kwetu umemwonyesha kila mtu isipokuwa mimi. Sina radhi nawe, Hiza."

Mganga hajigangi, walisema majirani, wakacheka. Mama hakucheka, na neno lile hakulirudisha.

Hiza alidhani ana muda wa kumbembeleza. Hakuwa nao. Mama akaanza kusahau: kwanza chumvi kwenye mboga, kisha njia ya sokoni, kisha majina ya wanawe. Utamwombaje radhi mtu asiyekujua? Alijaribu. Alipiga magoti mbele yake siku moja, na mama akamuuliza kwa upole kama yeye ndiye fundi wa bomba. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alimkalia Hiza mapajani tangu siku ile.

Mhina ndiye aliyeleta wazo. Mama hakuweza tena kulala ugenini. Akiingizwa chumba asichokijua alilia, akidhani ametupwa. "Basi chumba chake kiende naye," akasema Mhina. Alikuwa na Kosta moja, basi dogo la abiria, na hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe wanne. Akang'oa viti vyote, akafunga kitanda kilekile cha mama, pazia lilelile la maua ya njano, jiko la gesi, pipa la maji, na ndoo ya haja nyuma ya turubai. Ikawa nyumba yenye magurudumu.

Mwantumu alipinga. "Mtaniulia mama njiani," alisema, na alikuwa na haki ya kusema, maana yeye ndiye aliyemwosha na kumlisha miaka mitatu, na malipo yake yalikuwa kuitwa "wewe binti wa kazi". Hata hivyo siku ya safari alikuwa wa kwanza kuingia garini, mfuko wa dawa mkononi. Akatoa sharti moja: mwendo usizidi saa tatu kwa siku. Kwa hiyo walihitaji kambi tatu, na kazi ya kuzichagua ikawa ya Hiza.

Kambi ya kwanza ilikuwa karibu na Mombo, kabla barabara haijaanza kupanda. Hiza alikataa uwanja mzuri wenye taa na bafu la maji moto, kwa sababu malori yalipumzika jirani na mama alishtushwa na kishindo. Akachagua kiwanja bapa kando ya shamba la mkonge. Mama alitulia, lakini hakufungua kinywa. Chai hataki, uji hataki, hata maji hataki. Mwantumu akaponda ndizi mbivu kwa maziwa, akakaa naye saa nzima akimwimbia nyimbo za kubembelezea watoto, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likabaki jeupe. Bila bakuli lile wangegeuza asubuhi.

Kambi ya pili ilikuwa juu ya Lushoto, kwenye misonobari. Lakini kuifikia kulikuwa na kazi. Katikati ya mlima mvua ilikuwa imemega nusu ya barabara, na upande uliobaki ulitosha Kosta na vidole viwili. Hiza na Mwantumu walishuka. Mhina akabaki na mama, akapitisha gari taratibu, mawe yakidondoka bondeni, na mama aliyekuwa amelala hakugeuza hata shingo.

Hiza hakutaka waegeshe bondeni, ingawa kila mtu aliegesha huko. "Ukungu utajaa hapo kama maji kwenye beseni," alisema, "na mama ataamka anakohoa." Akawapandisha mteremkoni. Asubuhi bonde lote lilikuwa limezama, na wao walikuwa juani.

Siku hiyo Mhina ndiye aliyevunjika moyo. "Breki zinanuka," alisema. "Tugeuze."

"Mama amelala bila dawa," Mwantumu akamjibu. "Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mimi sikuitaka safari hii, lakini mwili wake unataka. Tengeneza breki zako, mdogo wangu, twende."

Mhina akalala chini ya gari mpaka saa saba, akatoka mweusi kwa grisi, wakaondoka.

Mtae walionyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kilikuwa karibu na maduka, na Hiza alikikataa kwa kelele. Cha pili kilikuwa ukingoni kabisa, na kwa mandhari yake wageni wangekililia, lakini alikikataa pia, kwa kuwa upepo ungelitikisa gari. Akazunguka kwa miguu mpaka akapata tambarare ndogo nyuma ya shamba la kabichi. Mwenye shamba alimshangaa. "Hapo mtaligeuzaje hilo gari?" Hiza akapima kwa hatua. Alitaka dirisha la kitanda cha mama litazame kilima fulani kimoja, palipokuwa na nyumba ya baba yake Bi Mwanjaa. Mhina akaenda mbele, akarudi nyuma, mara kumi na nne, mpaka dirisha likakaa panapotakiwa. Ukungu ukafunika kila kitu. Mama akatazama nje akaona weupe mtupu, akauliza kama wamefika hospitali.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado. Hiza alisimama kando ya kitanda akamtazama mama alivyolala. Moyo ulimwambia asubiri. Lakini mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Lushoto, na kambi ya misonobari isingefaa kwenye tope. Lazima mtu ashuke kwa miguu kutafuta pengine pa karibu pa kulala wakati wa kurudi. "Narudi kabla ya chai," alimwambia dada yake, akaenda. Alikuwa amezoea kutangulia.

Jua likatoka, ukungu ukainuka. Mwantumu akavuta pazia. Mama akaketi mwenyewe, bila kushikwa. Akakitaja kile kilima kwa jina, akataja chemchemi iliyo chini yake, akamtaja marehemu dada yake waliyekuwa wakiteka naye maji. Kisha, macho yake yakiwa nje, akasema kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia miaka mitatu:

"Nina watoto watatu. Mmoja amenifikisha kwetu. Huyo nimemridhia duniani na akhera. Wawili waliobaki wameniangusha, na Mungu atawauliza."

Mhina alikuwa akipasha injini moto. Akaizima.

"Ni nani huyo, mama?" Mwantumu akauliza.

Mama akamtazama yeye, akamtazama Mhina, kisha akautazama mlango uliokuwa wazi. "Hata nyie hamjui?" akasema. Akaomba uji. Alipomaliza uji hakujua tena yuko wapi.

Hiza alirudi suruali imelowa mpaka magotini, na habari njema mdomoni, maana alikuwa amepata kiwanja kizuri sana, kikavu, chenye maji safi. Wakamweleza. Wangeweza kumficha, au kila mmoja akajipa lile neno, lakini hawakufanya hivyo. Hiza akaketi kwenye ngazi ya gari.

"Alitazama mlangoni muda mrefu?" aliuliza.

"Kidogo," Mwantumu akasema.

Bi Mwanjaa alifariki siku ya kumi na mbili tangu asubuhi ile, Tanga, kwenye kitanda kilekile, bila neno jingine. Baada ya arobaini watoto wake wakaketi kuulizana, na mpaka leo hawajainuka.

Mwantumu asema: "Maiti hafikishwi, anapelekwa. Mama alifika yu hai kwa sababu yangu, na akili zilipomrudi, mkono uliovuta pazia ulikuwa wangu." Amesema kweli.

Mhina asema: "Wazo langu, gari langu, riziki ya wanangu. Pale mlima ulipomegeka nyie mlishuka, mimi nilibaki naye." Naye amesema kweli.

Hiza hasemi kitu, basi nitamsemea mimi. Mama aliamka kwa kile alichokiona dirishani, na dirisha lile lilitazama kilima kile kwa sababu ya mtu mmoja aliyekataa viwanja viwili. Angechagua kingine, mama angeamka anatazama maduka. Lakini nami siwezi kumtetea hadi mwisho, kwa sababu mtu huyuhuyu angeweza kumfikisha mama yake kwa miguu yake na akili zake, na alimwambia kiangazi kijacho. Na neno lilipotoka, hakuwepo.

Siku moja aliwaambia wenzake, "Ichukueni ninyi. Mimi niliipoteza zamani."

"Radhi haichukuliwi, Hiza," dada yake akamjibu, naye analia. "Hutolewa."

Msiniambie ni yao wote watatu. Bi Mwanjaa alisema mmoja. Wala msiniambie akili zilikuwa zimemruka, maana nimekwenda kuitazama ile chemchemi, na ipo palepale alipoitaja. Radhi imetolewa, na kuna mtu mmoja anatembea nayo bila kujua, na wawili hawana. Je, wewe ungeamua vipi, na hao wawili ungewaambia nini?