Visima vya Kifuso

"Mwenye visima vingi hufa kiu."

Nyanya Wakesho aliitupa methali hiyo jikoni huku akichambua kunde, nayo ikamwangukia mjukuu wake Mwadime, ambaye likizo hiyo peke yake alikwisha kuanza kufuga sungura, akaacha, akaanza kujifunza gitaa, akaacha, na sasa alikuwa akiulizia habari za nyuki. Mwadime na dada yake Mkamburi wakabisha. Mwenye kisima kimoja akifa kiu, sawa, kimekauka. Mwenye vingi je? Huyo si angekufa kwa kuzama?

Nyanya akacheka. Msidhani methali hii ni ya wahenga, akawaambia. Ilitoka kinywani mwa mtu mwenye vumbi puani, na mwanzo wake ni huu.

"Nitupeni nyikani asubuhi, jioni mtanikuta nimenenepa." Hayo ni maneno ya babu yenu Kifuso, kabla hajawa babu wa mtu, siku aliyoshuka kutoka huku milimani kwenda kumsaidia mjomba wake Maghanga kuchunga mbuzi tambarare. Mjomba hakumjibu. Watu wa tambarare hawabishani na mtu wa mlimani, humwachia jua.

Basi mbuzi mmoja mwenye mimba akajitenga na kundi. Kifuso akamfuata bila kumuaga mtu, kwani anayekwenda kunenepa anaaga ya nini? Alimkuta mbali sana, ndani ya kichaka cha miiba, amekwisha kuzaa. Alipoinua kichwa, kengele za kundi hazisikiki tena, na kila kichaka kinafanana na ndugu yake. Usiku ulimkuta hapohapo, akamkumbatia yule mtoto wa mbuzi na kuimba nyimbo zote za shuleni ili kuwafukuza fisi. Fisi hawakuja. Huenda walimsikia.

Kulipokucha kibuyu kilikuwa kitupu, na kiwele cha mama mbuzi kimenywea kama mfuko uliomwagwa. Mtoto akanyonya, akaachia, akamtazama Kifuso. Akanyonya tena, akaachia, akamtazama. Majigambo yote yakamtoka. Mama asipokunywa, maziwa hakuna. Na maziwa yasipopatikana, yale macho yatafumba siku hiyohiyo.

Akamtia mtoto ndani ya shati, akamswaga mama hadi kwenye mto mkavu. Alikwisha kusikia kwamba chini ya mchanga wa mto kuna maji, na ni kweli yapo. Lakini sisi wa milimani tumezoea maji yenye adabu. Unaondoa jiwe kwenye mfereji, yanakukimbilia miguuni. Kifuso hakujua kwamba kuna maji yanayotembea kizee. Akachimba kwa mikono mpaka mchanga ukawa mweusi na baridi, akachungulia, akaona hakuna kitu, akahama. Akachimba kwingine, akachungulia, akahama. Akaupanda mto hivyo, kama mtu aliyepoteza funguo, kucha zikitoka damu, na kila shimo likipungua kina kwa sababu nguvu nazo zilikuwa zikipungua. Ndani ya shati, mtoto alikuwa ameacha kulia.

Hapo, Nyanya akasema, akatokea nyani. Nyani akachimba shimo lake, kisha akakaa kando akijitoa chawa, bila hata kuchungulia. Kifuso akaona haya kushindwa akili na mwenye mkia, naye akaketi kando ya shimo lake la mwisho, ametulia kama mzee wa baraza. Na maji yakaja. Kwanza jasho, kisha machozi, kisha kiasi cha kiganja. Akamnywesha mama kwanza. Baadaye mtoto akanyonya, asiachie, na kale kamkia kakaanza kutikisika, na Kifuso akasahau kwamba yeye mwenyewe bado hajanywa.

Hivyo ndivyo mjomba Maghanga alivyomkuta.

"Sikuhangaika kukutafuta, mpwa wangu," mjomba akasema. "Nimefuata visima vyako. Cha kwanza nimekunywa. Cha pili nimenawa uso. Cha tatu nimekuta njiwa wanaoga."

Kifuso akageuka kuutazama mto. Kweli, mashimo yake yote, yale aliyoyaita makavu, yalikuwa yanameta juani.

"Sasa niambie," mjomba akasema, akimfuta mchanga usoni kwa kiganja, "mwenye visima vingi hivi anakufaje kiu?"

 Kikohozi kikasikika mlangoni pa jikoni. Babu Kifuso alikuwa amesimama pale, na haikujulikana tangu lini.

"Mama Mghoi," akamwita mkewe, "huyo nyani alitoka wapi?"

Nyanya akarudia kuchambua kunde zilizokwisha kuchambuliwa.

Hapakuwa na nyani, Babu akawaambia wajukuu. Wala hakuketi kama mzee wa baraza. Alianguka. Mkono ulibaki ndani ya shimo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuutoa, na mtoto wa mbuzi yuko kifuani pake. "Nilikuwa namwomba msamaha," akasema. "Halafu nikasikia vidole vimelowa."

"Na ulikuwa unalia," Nyanya akasema bila kuinua macho. "Nyani nilimleta akufunike hapo."

 Babu akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akachukua kunde chache akaanza kuzichambua pia, vibaya.

"Kwa hiyo, Babu, hakuna aliyekufundisha kungoja?" Mwadime akauliza.

"Hakuna. Nilichoka tu kuhama."

Mwadime akafikiri. "Mwenye visima vingi hufa kiu," akasema taratibu, na safari hii hakubisha.

"Isipokuwa," Babu akasema, "abahatike kuchoka mapema."