Mkunga Aliyeketi Mlangoni

Wamesimulia wazee, wakipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadharamauti aliishi mkunga mcha Mungu aliyeitwa Bi Lubaba binti Usayd. Alikuwa mjane, na kwa miaka ishirini na miwili wanawake wa mji ule walijifungulia mikononi mwake. Hakumkatalia mtu, tajiri wala fukara, na kila alipopokea mtoto alimwombea dua kabla ya kumkabidhi kwa mamaye.

Ikawa siku moja mwanamke kijana, jina lake Unaisa, alijifungua vyema, lakini damu haikukatika. Bi Lubaba alifanya kila alilolijua. Kabla ya adhuhuri Unaisa alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mtoto mchanga. Mama yake, Bi Kabsha, hakumlaumu mkunga. Alisema tu, "Sisi ni wa Mwenyezi Mungu," akamfunika bintiye uso.

Tangu siku ile hali ya Bi Lubaba ilibadilika. Usingizi ulimruka. Kila mlango ulipobishwa, moyo ulimwenda mbio, na mikono ikamtetemeka asiweze hata kujitanda ushungi. Aliyekuwa mpole akawa mkali. Aliyemwuliza jambo mara mbili alikaripiwa, kisha mwenyewe akajuta. Katika swala alisahau idadi ya rakaa. Akajiambia kuwa imani yake imedhoofika, naye akaamua kuitibu kwa kujitaabisha: akafunga kila siku, akazidisha visimamo vya swala za usiku, na mchana hakukataa mwito hata mmoja. Siku ya kumi na tisa alianguka kando ya kisima, akazinduka majirani wakimnyunyizia maji.

Walimpeleka kwa Sheikh Mutarrif, mwanachuoni aliyekuwa na ujuzi wa tiba. Alimkuta barazani pamoja na mkewe, akawaamkia, akaketi.

"Sheikh," akasema, "imani yangu imepungua. Nakuomba unipe wirdi, dua za kukariri kila siku."

Sheikh hakumpa wirdi. Alimwuliza, "Ulilala lini ukashiba usingizi?"

"Sikumbuki."

"Na jana ulikula nini?"

"Tende mbili, na maji."

Kisha Sheikh akasema, "Mwanamke anaposhikwa na uchungu, wewe humwambia nini?"

"Humwambia alegeze mabega, afungue vidole, ashushe pumzi polepole."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidisha maumivu. Mama huishiwa nguvu kabla ya wakati, na mtoto naye huchoka."

"Na akikujibu kwamba kulegeza mwili ni udhaifu wa imani?"

Bi Lubaba akaviangalia vidole vyake, akaona amevikunja.

"Mama," akasema Sheikh, "mimi sioni upungufu wa imani. Naona huzuni usiyoililia, na mwili usioupumzisha. Mola amemuumba mja hivi, kwamba hofu ikimfika, moyo humwenda mbio apate kujiokoa. Kwako hatari imekwisha kupita, na moyo bado unakimbia. Hakuna aliyeuambia kwamba umeshafika."

Akamwagiza aache funga za sunna kwa muda, ale, na alale kila siku baada ya adhuhuri. Alasiri aende kuketi penye mfereji wa mashamba, atie miguu majini, avute pumzi kwa utulivu na aitoe taratibu zaidi kuliko alivyoivuta, na kila anapoitoa amtaje Mola wake. Tena amtafute mtu anayemwamini, amweleze lililomo moyoni.

"Nikapumzike, na wanawake wana uchungu?" akauliza Bi Lubaba.

"Ukianguka tena, watamwita nani?"

Siku za mwanzo hakuona nafuu. Kila alipoketi mferejini, sura ya Unaisa ilimjia, akainuka kabla hajayazoea maji. Hata hivyo alirudi kesho yake, na kesho ya pili. Baada ya wiki mbili alilala mchana mmoja mpaka adhana ya alasiri ikamwamsha, akashangaa kuona mabega yake hayamuumi. Jambo moja tu halikumwezekania, nalo ni kusema. Ulimi ulimwia mzito.

Mwezi haukutimia, asubuhi moja akaitwa. Aliyeshikwa na uchungu alikuwa Juwayra, mdogo wake Unaisa, na nyumba ilikuwa ile ile. Alipofika mlangoni mikono ikaanza. Angeweza kuificha ndani ya ushungi, kama alivyokuwa akifanya, wala asingejulikana. Akamwendea Bi Kabsha mbele ya wanawake waliokusanyika.

"Dada yangu," akasema, "sitakudanganya. Mikono yangu inatetemeka. Tangu siku ya Unaisa mimi si yule mliyemzoea. Tuma mtu kijiji cha pili akamwite mkunga wa huko. Nami ukiniachia niketi hapa kidogo, huenda ikatulia. Siwezi kuahidi."

Mwanamke mmoja akasema kwamba mkunga anayetetemeka haingizwi kwa mzazi. Kutoka ndani Juwayra aliita mama. Bi Kabsha akamtuma mpwa wake mbio kijijini, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Kisha akatandika mkeka pale mlangoni.

"Keti," akamwambia mkunga, naye akaketi ubavuni pake. "Hata mimi silali."

Hapo ndipo ulimi wa Bi Lubaba ulipofunguka. "Alitabasamu alipomwona mtoto," akasema, "nikadhani tumeshavuka." Akalia, na Bi Kabsha akalia. Walikaa bega kwa bega, wakavuta pumzi na kuitoa, wakimtaja Mola kimya kimya, mpaka mikono ya mkunga ikatulia mapajani.

Akanawa, akaingia. Akakuta mtoto anatanguliza miguu, na uzazi wa namna hiyo humponza mkunga mwenye haraka. Bi Lubaba hakuvuta. Alisubiri, akisema na Juwayra kwa sauti ya chini, "Legeza mabega, mwanangu. Shusha pumzi. Tuko pamoja," na kila uchungu ulipokuja aliungoja ufanye kazi yake. Baada ya adhuhuri mtoto wa kike alizaliwa, akalia. Mkunga alikaa na mzazi, akiitazama damu, mpaka alipoyakinisha kwamba imekatika.

Mkunga wa kijiji cha pili alipowasili alasiri, alikuta ua umejaa majirani waliokuja kupongeza, na Bi Kabsha amesimama mlangoni pa chumba chake, kidole mdomoni.

"Vigelegele baadaye," aliwaambia. "Mkunga amelala kitandani kwangu."

Wakangoja hadi karibu na magharibi.

Imepokewa pia kwamba tetemeko lile halikumwacha moja kwa moja. Lilimrudia mara kwa mara mpaka uzeeni, naye hakulificha tena. Aliketi, akapumua, kisha akaingia. Ewe ndugu, wema hao waliopita walikuwa na nyoyo za nyama kama zetu. Yuko anayedhani kwamba kuutesa mwili uliochoka ni ibada, na kumbe anaiharibu amana aliyopewa. Mwenyezi Mungu aturuzuku subira ya kufanya kazi, na subira ya kupumzika.