Mfinyanzi Aliyeona Haya Kusema Ongeza

Aliyemweleza Tusekile jambo hili kwa mara ya kwanza ni Mama Lugano, muuza vyungu wa soko la Kyela, na hakumweleza faraghani. Alilisema mbele ya kina mama wa jumuiya, Alhamisi moja alasiri, walipokuwa wamekaa uani kuchambua mchele wa arusi. Hakumtaja mtu. Ila Tusekile, aliyekaa pembeni na mtoto wake Bupe amelala mgongoni, hakuchelewa kujua kwamba anaambiwa yeye.

Tusekile alikuwa mwandishi wa hadithi. Hakuwa na kitabu dukani wala jina gazetini. Aliandika kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, akawatumia wasomaji wake katika kundi la WhatsApp, na kila aliyetaka sehemu iliyofuata alilipa kidogo kwa simu hiyo hiyo. Kwa hicho kidogo alilipia chumba, akanunua sabuni na unga wa uji wa mtoto. Baba yake Bupe alikwenda machimboni kabla mtoto hajazaliwa, na tangu hapo hakutuma hata salamu. Kama kuandika kungeshindwa kumlisha, Tusekile angerudi kwa kaka yake, ambako kila kijiko cha wali kililiwa pamoja na neno.

Mwanzoni hadithi yake ilikwenda vizuri. Wasomaji waliletana wenyewe, dada kwa dada, jirani kwa jirani. Kisha mtoto akaanza kula, chumba kikapanda bei, na kile kidogo hakikutosha tena. Tusekile angeweza kuwaambia wasomaji wake kwamba naye anapandisha. Hakuweza. Alikuwa mtu wa haya, hata sokoni alilipa alichotajiwa bila kuomba punguzo. Basi badala ya kuongeza bei, akazikata sehemu zikawa fupi, na hadithi akairefusha. Mke wa kwenye hadithi alikuwa amerudi ghafla kutoka safari, akasikia sauti asiyoijua chumbani mwake, akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Akabaki hapo. Alikumbuka utoto wake, akamkumbuka marehemu mama yake, jasho likamtoka, simu ikaita, akaiacha iite, na wiki zikapita mkono ungali kwenye kitasa. Wasomaji wakaanza kujitoa katika kundi mmoja mmoja, bila kuaga. Miongoni mwao alikuwa Mama Lugano.

Alasiri ile aliyelianza ni Mama Kissa, ambaye hawezi kukaa na utani mdomoni. Alimwuliza huku akipeta, "Mama Bupe, yule mwenzetu bado kashika kitasa? Mwambie abadilishe mkono, huo utaota kutu."

Kina mama wakacheka. Mwingine akasema huenda mlango wenyewe hauna ufunguo, na mwingine kwamba huyo mume humo ndani amekwisha kuzeeka, hana tena la kufumaniwa. Tusekile alicheka nao, macho yake kwenye ungo, na masikio yake yakapata moto. Mama Lugano hakucheka. Aliokota kijiwe katika mchele, akakitupa, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokuwapo.

Mtu mmoja, alisema, alikuwa na mikono iliyoujua udongo. Alikuwa mwanamke wa kule kwa wafinyanzi, pwani ya ziwa, na alikuwa na watoto wa kulisha. Siku hizo huko kwao chungu hakikununuliwa kwa fedha. Mnunuzi alikuja na mfuko wa mpunga au wa mahindi, akakijaza chungu alichokipenda, akaimwaga nafaka ile kwenye kikapu cha mfinyanzi, kisha akaondoka na chungu chake. Ujazo wa chungu ndio uliokuwa bei yake. Hakuna aliyekumbuka nani aliweka desturi hiyo, na hakuna aliyeilalamikia.

Vyungu vya mwanamke huyu vilikuwa vya wastani, vizito kitakoni. Aliyepika kwa chungu chake alisahau kwamba kuna kitu kinaitwa chungu kupasuka. Walimpenda. Lakini kikapu chake hakikujaa upesi, na watoto walikuwa wakikua. Angeweza kumwambia mnunuzi, ukimaliza kukijaza, niongezee konzi mbili za juu. Maneno hayo aliyafanyia mazoezi njiani akienda sokoni, na alipofika yakamkwama. Aliona haya kusema ongeza. Akaamua chungu kiseme badala yake.

Udongo ule ule wa chungu kimoja akauvuta zaidi, akauvimbisha tumbo. Kitako kikawa chembamba, ubavu ukawa mwembamba, lakini chungu kikaonekana kikubwa. Na kilikuwa kizuri, alisema Mama Lugano, tusimwonee. Ukikigonga kwa ukucha kililia kama kengele. Watu wakakizunguka, wakakisifu, wakakijaza, na kikapu kikapata nafaka ambayo hakijawahi kuipata. Msimu ule watoto wake walishiba. Yeye mwenyewe akajiambia kwamba amepata akili.

Msimu uliofuata bibi arusi mmoja aliteleka maharage ya kwanza mbele ya wakwe zake. Chungu kikapasuka chini, mchuzi ukaumwagikia moto ukauzima, na bibi arusi akabaki na mwiko mkononi. Mwingine kilimpasukia na maji ya kumwogeshea mzazi. Wala hakuna aliyekuja kugombana na mfinyanzi. Hakuna aliyemletea gae akamwambia tazama. Siku ya soko walimsalimia vizuri, wakamwuliza hali ya watoto, wakapita, wakanunua kwa jirani yake.

Yeye akasema ni njaa, watu hawana nafaka. Mwezi mwingine akasema ni husuda, jirani ana dawa. Na kwa kuwa waliokuja walikuwa wachache, alitaka kila mmoja alipe zaidi, basi akavivuta vyungu vikawa vikubwa zaidi na vyembamba zaidi. Vingine vilipasuka kwenye tanuru kabla havijaliona soko.

Mama Kissa aliacha kupeta. Ungo wake ulibaki magotini.

Siku moja, Mama Lugano akaendelea, akaja nyumbani kwake bibi kizee kutoka ng'ambo ya mto, na mfuko wa mpunga kichwani. Mfinyanzi alifurahi. Akampangia mstari wa vyungu kando ya ukuta, vile vikubwa, vinavyong'aa. Bibi akapita mbele yavyo pole pole kama mtu anayekagua maharusi. Akafika mwisho wa mstari. Kisha akageuka, akatazama jikoni, palipokuwa na chungu cheusi cha zamani, kifupi, kinene, kikitokota mboga za watoto.

"Hivi nimeviona, mwanangu," bibi alisema. "Mimi niuzie hicho unachopikia wewe."

Mfinyanzi akageuka akakitazama. Kile hakikuwa cha kuuza, chakula cha wanawe kilikuwa ndani. Lakini si hilo lililomshtua. Alikuwa ametambua kwamba katika vyungu vyote alivyofinyanga misimu ile, hakuwahi hata siku moja kuteleka kimoja kwenye moto wake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa ukijua tangu mwanzo, ukikiruka kila asubuhi kile kipya na kukifuata cha zamani, na yeye hakuuliza mkono wake kwa nini.

Akamwomba bibi arudi baada ya mavuno. Bibi akajitwisha mpunga wake akaondoka. Mfinyanzi akaingia kwenye mstari ule, akavivunja vyungu vyote. Hakuvitupa. Alivitwanga kinuni vikawa unga, na unga ule akauchanganya na udongo mpya, kwa maana udongo uliotiwa gae lililokwisha kupita motoni huuvumilia moto. Vyungu vipya aliviacha vikauke kwa wakati wake, kivulini, bila kuviharakisha. Na kwa sababu watoto hawakauki pamoja na vyungu wala tumbo halisubiri tanuru, miezi ile alikwenda kwenye majaruba ya watu kupandikiza mpunga kwa ujira. Waliomwona walisema ameacha ufinyanzi. Yeye akaendelea kupandikiza.

Bibi aliporudi alikuta chungu cha wastani, kizito kitakoni. Akakijaza mpunga hadi ukingoni, akauinua mfuko wake kuufunga. Mfinyanzi akatazama chini, kisha akatazama juu, akamwambia aongeze mpaka kifanye kilima. Bibi akamtazama sana. Akaongeza. Ukifika pwani ile leo, alisema Mama Lugano, chungu kinene hujazwa mpaka kifanye kilima, na hakuna anayekumbuka nani alianza.

Akachukua mchele mwingine. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Niambieni basi, wenzangu. Kosa la huyu mwanamke lilikuwa mikononi mwake au kinywani mwake?"

Kabla mtu hajajibu, Bupe aliamka mgongoni akaanza kulia, na Tusekile akashukuru kupata sababu ya kuinuka. Alimzungusha mtoto uani, akimbembeleza, huku akijiuliza ni lini mara ya mwisho alipoisoma hadithi yake mwenyewe kwa hamu, kama anavyosoma za wengine. Hakukumbuka. Sehemu za karibuni aliziandika, akazituma, akaifunika simu.

Jua lilipoanza kushuka walifunga mchele kwenye mifuko. Mama Lugano alimfuata Tusekile hadi kwenye kivuko cha mtaro. Hakuitaja hadithi. Alisema tu kwamba magoti yamemchosha, anatafuta mtu wa kumshikia meza siku za soko, mtu mwaminifu asiye na maneno mengi. Tusekile akasema yeye angeweza, kama mtoto hatakuwa tatizo. Mama Lugano akasema mtoto atalala kwenye chungu. Kisha akamwuliza anataka alipwe nini.

"Chochote tu, mama," Tusekile alisema.

"Chochote si bei, mwanangu."

Mama Lugano akasimama pale pale, mfuko wa mchele kichwani, akangoja. Watu wawili wakapita na baiskeli, wakasalimia, wakaitikiwa. Bado akangoja. Tusekile alifunga kanga mgongoni upya ingawa haikuwa imelegea. Hatimaye akataja. Sauti haikutoka vizuri, ikambidi arudie. Mama Lugano akafikiri kidogo, akasema sawa, na akaenda zake kana kwamba hakuna kubwa lililotokea.

Asubuhi yake Tusekile aliwasha jiko, akateleka uji, na ulipokuwa ukipoa akakaa kizingitini na simu. Alizisoma sehemu zote tangu mwanzo. Zile za mwanzo zilimshika hata yeye. Alipofika kwenye kitasa alianza kuruka mistari, akajikamata akiruka. Kule katikati ya maneno yaliyovutwa, hata hivyo, alikuta mahali ambapo mke yule alimkumbuka mama yake akikaanga samaki huku akiimba, na hapo palikuwa na uhai. Akapaweka kando kwa hadithi nyingine.

Kisha akamwacha mwanamke wa watu ageuze kitasa. Mlango ukafunguka, na Tusekile akaandika kilichokuwamo chumbani, na kilichosemwa, na kilichofuata, mpaka mwisho kabisa, bila kukata. Uji ulipoa ukapitiliza, akamlisha Bupe kwa mkono mmoja. Mwisho huo aliutuma wote kwa mara moja, hata kwa waliokuwa wamejitoa, na hakumdai mtu, maana alijua chungu hicho walikwisha kukijaza zaidi ya ukingo.

Baada ya hapo aliwaandikia kwamba ataandika hadithi mpya taratibu, kwamba atawaletea itakapokuwa tayari, na kwamba bei yake itakuwa kubwa kuliko ya hii. Akaitaja. Mwanzoni mwa ujumbe alikuwa ameweka neno samahani. Akalisoma, akalifuta, akatuma.